Mbeleko ya Bibi wa Kikorea

Jirani zangu pale Fridley, Marekani, walikuwa Wakorea: mume fundi wa kompyuta, mke nesi kama mimi, katika hospitali moja ya Minneapolis. Walipojaliwa binti, mama yake yule mume alikuja kutoka Seoul kumlea mjukuu.

Mkwewe alikuwa amenunua kigari cha mtoto, kizuri, chenye magurudumu ya kuhimili theluji. Bibi alikifanya pa kuwekea vitunguu. Mtoto alimfunga mgongoni kwa kitambaa kinene, akazunguka naye koridoni akimwimbia. Kila nilipompita nilimkumbuka mama yangu kule Moshi, nikatembea nikitabasamu.

Asubuhi moja, nikiwa ofu, sina zamu, nilisikia mtoto analia bila kukoma. Nikabisha hodi. Bibi akanionyesha kitambaa kinachuruzika maji. Mashine ya kukaushia nguo ya jengo ilikuwa mbovu.

"Subiri, Bibi," nikamwambia kwa Kiswahili, maana hata Kiingereza kisingetusaidia.

Nikarudi na kanga. Nikamweka mtoto mgongoni kwake, ncha moja nikaipitisha begani, nyingine chini ya kwapa, nikafunga fundo kifuani. Bibi akajitazama kiooni, akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha akanipa ishara nimshike mtoto, akafungua na kuanza upya: kanga ikapita chini ya makwapa yote mawili, ikazunguka, fundo likakaa kiunoni. Mtoto akalala papo hapo.

Jioni mkwewe alinigongea. "Mama anasema hakurudishii kile kitambaa," akasema, kwa haya kidogo.

"Mwambie ni chake."

"Basi uje Jumamosi. Mtoto anatimiza mwaka."

Nilikwenda. Mtoto alivikwa hariri yenye mikono ya rangi rangi, chini yake soksi nyekundu za dukani. Mezani palikuwa na keki ya krimu, na pembeni yake vikeki vyeupe vya mchele ambavyo Bibi alivipika kwa mvuke tangu alfajiri. Mbele ya mtoto wakapanga uzi, penseli na bakuli la mchele. Atakachoshika ndicho kitakachotabiri maisha yake. Baba mtu akachomeka na kipanya cha kompyuta. Bibi akakiondoa. Mwanawe akakirudisha.

"Mama, siku hizi ndiyo kazi!"

Bibi akaguna, akakiacha.

Mtoto akakigusa kipanya, baba akaanza kushangilia, halafu binti akakiruka, akakamata uzi kwa mikono miwili na kuutia mdomoni. Bibi akapiga makofi, akasema jambo lililowavunja mbavu wote.

"Anasema aishi kwanza maisha marefu," mkwewe akanitafsiria. "Kompyuta zitamsubiri."

Tukanywa supu ya mwani, ileile ambayo Bibi alimpikia mkwewe alipojifungua. Baba mtoto alipoinua kamera ya video kuwapigia ndugu wa Seoul picha, nilisogea pembeni. Bibi akanivuta mkono, akaniketisha karibu naye.