Mteja wa Mwisho wa Marita

Kila siku ya soko la Mpondwe, jirani na Bwera kwenye mpaka wa Uganda na Kongo, Daktari Jonan Mumbere hutoka Kasese hadi Bwera kula ugali wa muhogo na samaki katika kibanda cha Marita. Yeye samaki hawapendi. Anakula ili aonekane akila.

Anajulikana kwa maiti moja. Mbusa, mfanyabiashara wa mawese, alikula kwa Marita, akasimama kunawa, akaanguka. Maiti haijafika Kasese, Bwera nzima ilikuwa imeshaamua ni sumu. Jonan, bingwa wa kuchunguza maiti, alipasua kifua akakuta mshipa mkubwa wa moyo umechanika. Maradhi tu. Hata hivyo polisi walitaka uhakika, akalitoa tumbo la marehemu na kulipeleka maabara Kampala likapimwe, kama kazi yake inavyotaka. Ndugu wa Mbusa hakuwaambia. Walizisikia habari hizo wakiwa makaburini, kutoka kwa mhudumu wa mochwari.

Majibu yakarudi: hakuna sumu.

"Ya tumbo gani?" aliuliza Loyi, dada wa marehemu. "Sisi tulizika mutu hana tumbo. Wewe ulibaki nayo, sasa unasema yenye unataka."

Polisi walimwachia Marita, waliyekuwa wamemkamata. Wateja hawakurudi. Jonan akaona njia moja tu: ale yeye, mchana, watu wakitazama.

Wiki hii Fidèle, mchukuzi wa mizigo kutoka Kasindi, ng'ambo ya mpaka, alisimama mlangoni na wenzake.

"Muganga, unakula sana. Lakini siyo makosa, wewe iko na tumbo mbili. Yako na ya Mbusa."

Wenzake wakacheka. Jonan akamega tonge jingine.

Marita aliiondoa sahani kabla hajamaliza. "Dokta, baba yangu, usirudi tena hapa."

"Nikiacha kuja, watasema nimeogopa chakula chako."

"Ukikuja, banasema nilikulipa. Mbele ulikuwa unanisaidia. Sasa ushahidi yao njo wewe mwenyewe."

Jonan alitaka kumweleza tena namna mshipa unavyoweza kuchanika wenyewe, bila mkono wa mtu. Lakini Marita hakuwahi kuhitaji maelezo hayo. Katika Bwera yote ni yeye peke yake aliyemwamini.

Akasimama kunawa. Pale mlangoni kicheko kilikatika, wachukuzi wakamkodolea macho.

Hakuanguka. Fidèle akainua mabega, akabeba gunia lake, na hakuna aliyeingia kula.