Kelele Niliyoipiga kwa Ajili ya Gari

Mimi nina hasira. Nalisema mapema ili mtu asije akanishangaa mbele ya safari. Zinanipanda kama maziwa jikoni: ukigeuza shingo tu, yameshamwagikia moto. Marehemu mama alikuwa akiniambia, "Hasira hasara, binti yangu," nami namjibu kwa kubamiza mlango.

Kwa miaka kumi na minne nimeuza nyavu za dagaa pale Mabatini, na muda wote huo niliendesha pikapu lililonuka ziwa zima. Nilipotimiza miaka arobaini na mitano nikasema basi, inatosha. Nikaagiza gari la spoti. Milango miwili, jekundu, limelala chini kama paka anayevizia, gia za mkono, na mlio wake, ee Mungu wangu, mlio wake! Huko Japani kulikuwa na mtu aliyekwisha kulichoka, lakini huku kwetu lilikuwa jipya, namba E, zile za usajili wa karibuni, na nailoni ya viti sikuitoa. Sikuitoa makusudi. Nilitaka kila anayechungulia ajue.

Mume wangu ni mwalimu wa sekondari, mtu mpole hadi anakera. Alilizunguka mara moja, akauliza, "Na mbuzi wa Krismasi tutampakia wapi?" Nikamwambia mbuzi atakuja kwa miguu.

Kila asubuhi nilishuka kutoka kwetu Ilemela, taratibu kati ya mawe, kila tuta nalivuka kwa ubavu ili tumbo la gari lisikwaruze, bodaboda nyuma yangu wanapiga honi na kunitania: "Mama, libebe mgongoni!" Halafu naingia lami ya barabara ya Uwanja wa Ndege, ziwa linachungulia upande wa kulia, nakanyaga mafuta, mgongo unabanwa kwenye kiti, na mwili mzima unacheka. Sina neno jingine. Mwili unacheka. Pale Kirumba hata korongo wa jalalani waliinua shingo. Wanaume kwenye foleni walishusha vioo: "Gari la mzee hilo, mama?" "Mzee wangu anapanda baiskeli!" nawajibu, taa inawaka kijani, nao wanabaki na moshi. Trafiki mmoja alinisimamisha, leseni hata hakuiomba, alitaka tu nifungue boneti aone.

Jumapili moja nilimpeleka mume wangu Kigongo. Miaka yote tulikuwa tunashinda pale juani tukisubiri kivuko cha kwenda Busisi, pikapu limejaa nyavu, mimi nikigombana na kila mtu. Sasa kuna daraja. Tulivuka maji kwa dakika chache, vioo vyote chini, yeye ameng'ang'ania mkono wa mlango anasali Salamu Maria, mimi nalia kwa furaha na machozi yanapeperuka hadi masikioni. Sioni aibu kusema kwamba hata siku niliyojifungua sikufurahi vile.

Wiki ya tatu wakaniibia vioo vya pembeni. Saa sita mchana, mbele ya duka, mimi nipo ndani! Kilichoniuma zaidi ni kwamba mtaa wa pili nilivikuta vimepangwa kwenye meza ya vipuri, vyangu, vyenye mkwaruzo nilioutia mwenyewe getini, na ikabidi nivinunue. Ndivyo ilivyo hapa mjini, kila mwenye gari anajua. Nilirudi nyumbani nikabamiza mlango. "Nikimkamata," nikasema, "nitamtafuna mbichi."

"Tuandike namba," mume wangu akasema. Kuna mafundi wanaozunguka na kimashine chenye ncha ya sindano. Wanachonga namba ya gari kwenye kioo chenyewe, mwizi akikiiba hapati wa kumuuzia. Lakini mimi nilikuwa sitaki kuambiwa kitu. "Wewe sahihisha mitihani yako," nikamjibu. "Gari niachie mimi." Akanyamaza. Yeye akinyamaza, ujue ameshaamua.

Alhamisi iliyofuata, kama saa nne asubuhi, nilikuwa nampimia nyavu mteja kutoka Ukerewe. Nikainua macho nje. Mwanamume amechuchumaa kando ya gari langu, amenipa mgongo, mkono mmoja umekishika kioo, mwingine una chuma.

Sikuuliza. "Mwizi!" Sauti yangu si ya dukani, ni sauti ya mwaloni, ya kumwita mtu aliye mbali kwenye mtumbwi. "Mwiziii!" Nikavua kiatu cha kisigino, nikatoka mbio nikampiga kisogoni. Akageuka. Nikaziona mvi zake. Alikuwa mtu mzima, wa kumwamkia shikamoo njiani, na alifungua mdomo aseme kitu. Nikampiga cha pili, mdomoni.

Mabatini haiitwi mara mbili. Wapakiaji waliangusha magunia, bodaboda wakaacha pikipiki zinaunguruma, mmoja alikuja na ubao wenye msumari, mwingine na mnyororo wa baiskeli. Sauti ya teke kwenye mbavu za mtu si kubwa. Ni kama mtu anakung'uta mkeka. Alianguka, akajaribu kuinuka kwa magoti, wakamkalisha kwa ubao. Nami nilisimama pale na kiatu mkononi nikisema, "Mpigeni! Mpigeni ajue!" Sasa naandika jambo ambalo hata padri sijamwambia: nilisikia utamu. Utamu uleule wa kukanyaga mafuta asubuhi. Mtu anapasuliwa mbele yangu, na mwili wangu unacheka.

Simu ikaita. Alikuwa mume wangu.

"Yule fundi wa namba ameshafika?" akauliza. "Nimemwambia aanze na vioo vya pembeni. Nilitaka ukute kazi imekwisha."

Nikatazama chini. Kile chuma kilikuwa karibu na mguu wangu: kimashine kidogo, ncha ya sindano, bado kinazunguka. Na kwenye kioo changu palikuwa na herufi moja, imechongwa vizuri kabisa.

"Acheni!" nikasema. "Acheni, siyo mwizi! Ni fundi wangu!" Wengi hawakunisikia. Aliyenisikia ni mpakiaji mmoja mrefu, shati limeloa damu isiyo yake. Akanigeukia polepole.

"Siyo mwizi?" akasema. "Sasa nani kapiga kelele?"

Wawili wengine wakageuka naye. Macho yao yakashuka hadi kwenye kiatu nilichokishika. Nyuma yao mtu alikuwa anabingirisha tairi bovu kutoka gereji, na mwenzake amebeba chupa ya petroli.

Niliogopa. Niliogopa kwa ajili yangu, siyo kwa ajili yake. Nikaruka ndani ya gari, nikaliungurumisha mpaka mabati ya maduka yakatetemeka, nikalisukuma katikati ya watu, kiganja kwenye honi. Wakaachana pande mbili. Mmoja nilimgonga goti, sikujali. Nikafungua mlango wa pili, nikapaza sauti ileile ya kwanza: "Mwizi wangu huyu! Namtaka hai! Nampeleka polisi akawataje wenzake! Mpakieni!"

Walishangilia, haki ya Mungu. Walewale waliompiga walimbeba mikono na miguu wakamtupa juu ya nailoni yangu. Kwa hiyo nilimwita mwizi mara mbili. Mara ya kwanza sikujua, mara ya pili nilijua.

Kama gari lile limewahi kukimbia kweli, ni siku hiyo. Matuta sikuyavuka kwa ubavu tena. Tumbo la gari lilikwaruza, kitu kikang'oka kikabaki barabarani, na kwenye kila tuta yeye aliguna. Damu ilijikusanya kwenye mikunjo ya nailoni, nikikata kona inanimwagikia mapajani, ya moto. Taya lake lilikuwa limehamia upande. Nikashtukia nasema, "Shikamoo, mzee. Shikamoo. Usife, mzee, nakuomba." Hakuitikia. "Itikia basi!" nikamfokea, nikapiga usukani kwa ngumi. Hata pale nilikuwa na hasira naye.

Hospitali walimpokea, nami wakanituma polisi nikachukue PF3, ile fomu ya mtu aliyeshambuliwa. Askari wa zamu akaniuliza kilichotokea. "Amepigwa na wananchi wenye hasira kali," nikasema, maneno ambayo sote tumeyazoea kwenye taarifa ya habari. Akaandika bila kuinua kichwa. Hakuniuliza mwananchi wa kwanza alikuwa nani, nami sikumtajia.

Alipona, kama kubaki hai ndiko kupona. Taya lilivunjika mahali pawili, likafungwa kwa waya, na vidole vitatu vya mkono wa kulia havikunjiki tena. Hadi leo sijui taya lilikwenda na kiatu changu au na buti la mtu. Mke wake alikuja wodini na uji kwenye chupa, akapiga magoti mbele yangu kunishukuru, maana aliambiwa mimi ndiye niliyemwokoa mumewe. Alinishika mikono yote miwili. Mume wangu alikuwa amesimama kando, akanitazama. Basi nikasema mimi. Nikasema yote, mpaka kiatu, mpaka ule uongo wa pili.

Yule mama akaachia mikono yangu, akainuka, akakung'uta kanga yake. Nilisubiri anitukane. Ningeshukuru kama angenitukana.

"Kazi yake ni kushika magari ya watu barabarani," akasema. "Sasa nani atamwacha ashike gari lake? Kelele uliipiga wewe. Nenda palepale ulipoipiga ile, ukapige nyingine, uwaambie siyo mwizi."

Nikaahidi. Wiki sita baadaye, alipoweza kukaa, nikaenda kumchukua. Fundi mwenyewe ndiye aliyetaka kuja. Aliandika kwenye karatasi kwa mkono wa kushoto: "Nataka nisikie." Alivaa shati lililopigwa pasi, akaingia garini kwa shida, maana lile gari linataka mtu mwenye mgongo mzima. Nilimwamkia, akaniitikia kwa kutikisa kichwa. Njia nzima nilikuwa najiambia maneno, nayapanga, nayapangua.

Nikaegesha mbele ya duka langu. Nikashuka, nikavuta pumzi mpaka chini.

"Jamani!" nikapiga kelele kwa sauti ya mwaloni. "Yule mtu tuliyempiga hapa siyo mwizi! Nilimsingizia! Ni fundi wa namba, mume wangu ndiye aliyemwita! Siyo mwizi!"

Siku ile walikuja wa mtaa mzima. Leo waligeuka watatu. Nikarudia, kwa nguvu zaidi, koo likauma. Mama mmoja mzee anayeuza chai jirani yangu, tumezoeana miaka mingi, akaja akanishika mkono kwa huruma.

"Mwanangu, umeshamsamehe, inatosha," akaniambia taratibu. "Usijidhalilishe mbele za watu. Lisemwalo lipo, kama halipo laja."

"Sijamsamehe mimi! Mimi ndiye niliyekosa! Hamsikii?"

"Tumesikia, mwanangu, tumesikia." Akarudi kwenye birika lake, na wale watatu wakarudi kwenye shughuli zao.

Mtu mmoja tu ndiye aliyesogea, yule mpakiaji mrefu, naye alifuata gari. Akalizunguka, akapitisha kiganja juu ya boneti, akapiga mluzi. "Mama, gari unayo," akasema. "Hii ndiyo gari!" Akainama achungulie viti, na hapo akaona nani amekaa. Uso wake ukachanua. Hakuwa na ubaya wowote moyoni, naapa, alifurahi tu kumwona mtu anayemfahamu. Akagonga kioo kwa kidole.

"Aa! Si yule mwizi wetu huyu!"

Fundi aliinua mikono yote miwili akaficha kichwa. Aliinama mpaka paji la uso likagusa dashibodi, viwiko vimeziba masikio, vile vidole vitatu vimesimama vyenyewe. Nikaingia, nikaondoa gari. Sikukanyaga mafuta. Nilikwenda polepole kuliko nilivyowahi kwenda hata na pikapu, nikimwambia, "Tumeshatoka, mzee. Inua kichwa. Hakuna mtu mwingine humu, ni mimi tu."

Tulifika Kirumba, tukaipita, na mikono hakuishusha.