Kibao Chekundu cha Hatanaka

Shizue Kuwabara alikuwa mwanamke wa maneno machache, na hayo machache yote alimpa Hatanaka, mhandisi mwenzake. Miaka mingi walikaa meza moja hapa Kakamigahara, Japani, wakisanifu kifaa kimoja tu: mirija myembamba kama tambi, ya kuteka joto la moshi wa injini linalotupwa bure, na kuipasha haidrojeni ya baridi kali kabla haijachomwa. Walitaka ndege iruke bila mafuta ya taa. Kuoana? Thubutu! Hata chai walimiminiana kwa heshima za ugenini. Lakini nasi tulikuwa na macho.

Vuli iliyopita moyo wa Hatanaka ulisimama ghafla, kwake, akila. Kibao chake tukakiacha ukutani.

Kila mmoja wetu ana kibao chenye jina lake mlangoni mwa chumba cha majaribio. Ukiingia unakigeuza upande mwekundu, ukitoka unakirudisha mweupe, na mkono wa mtu mwingine haukigusi kamwe. Kukiwa na chekundu hata kimoja, injini haiwashwi. Sasa cha marehemu, kilichobaki upande mweupe, angekiondoa nani? Kila mtu alimsubiri mwenzake, uoga tukauita heshima.

Siku ya jaribio la mwisho, ukungu wa mto Kiso ulifika hadi madirishani. Wakubwa wa kampuni walikuwa wameketi. Kifaa kisipowashwa leo, mradi unafungwa. Nilikwishafungua vali, haidrojeni inapita, mirija inapoa. Nikanyoosha kidole ubaoni kuvitaja vibao kwa sauti, kama ilivyo ada: cheupe, cheupe, cheupe. Kidole kikafika kwenye cha Hatanaka: chekundu.

"Mikuni, mbona umenyamaza?" aliuliza mkuu wetu, Onodera.

"Hatanaka-san yuko ndani," nilijibu, kwa "san" ya heshima kama kwa mtu aliye hai.

"Umelewa mchana huu? Maiti haji kazini! Nani kafanya mzaha huu?"

Nywele zilinisimama, sioni haya kusema.

"Washa," Onodera alisema.

"Kigeuze wewe kwanza, mkuu."

Aliinua mkono, akaurudisha mfukoni.

Shizue alikuwa amesimama nyuma yetu, mweupe kama karatasi. Hakuna aliyelitaka jaribio lile kuliko yeye. "Funga vali, Mikuni-san," alisema. "Kanuni ni kanuni. Naenda kumwita."

Tuliisafisha hewa ya chumba, nikaingia naye. Kifaa kilikuwa kimevaa barafu nyeupe kila mahali, isipokuwa pembeni, chini, palipobaki pakavu. Palikuwa na ukubwa wa kiganja. Na vidole vyake vyote vitano.

"Unaona?" alininong'oneza.

"Naona. Tutoke, tafadhali."

"Baridi haifiki hapa. Mirija imeziba. Moshi wa moto ungeikuta mitupu, ikapasuka, na haidrojeni yote…" Hakumaliza. Aliweka kiganja chake juu ya kile, akafumba macho. "Kuna joto, Mikuni-san."

Mimi sikugusa. Hata mngenilipa.

Alitoka akawaambia wakubwa jaribio halifanyiki. Onodera alimsihi, akamfokea, akamsihi tena. "Dada, unajua unachokiua?"

"Najua. Ni changu."

Hata jua halijazama mradi ulikuwa umefungwa. Walipokikata kifaa walikuta lehemu imeganda ndani ya mirija, palepale. Hakuna aliyesema asante. Tuliambiwa tukusanye vyetu, na mimi nikapewa kazi ya kufunga jengo.

Shizue alikataa kutoka. "Utamfungia ndani," aliniambia, na hapo ndipo alipolia, kwa sauti, kama mtoto, mtu ambaye hata mazishini hakutoa chozi. Alirudi mlangoni mwa chumba kile, akainama kwa heshima. "Hatanaka-san, kazi imekwisha. Twende nyumbani. Kwangu."

Aliniomba nimpe lifti. Kwenye gari, alifungua mlango wa nyuma, akasubiri kidogo, akaufunga taratibu. Kisha akaja kuketi mbele, karibu nami.

Njia nzima sikukitazama kioo cha kuonea nyuma.