Mikono ya Gauni la Ijumaa

Kama kuna neno mke wa Fundi alikuwa hataki kulisikia tena, ni subira. Binti yake alimpa kila Jumapili kwa simu. Daktari naye alimpa, kisha akaita mgonjwa mwingine. Na Ijumaa ile wifi yake, dada wa Fundi, alikuja nalo mlangoni, akinukia manukato, mikono mitupu.

Alichotaka kwa wifi ni nusu saa tu. Gauni la bibi harusi lilikuwa limebaki pindo, uzi umemwishia, na mwenyewe alikuwa anakuja kulichukua saa kumi. Harusi kesho. Tangu Fundi aanze kusahau, wateja walikuwa wamekatika mmoja mmoja. Huyu naye akiondoka analia, chumba cha mbele chenye vyerehani viwili kingekuwa stoo.

"Mkalie tu kaka yako," alimwambia wifi. "Asishike wembe."

Aliporudi na uzi, wifi alikuwa anacheka na simu. Fundi alikuwa mezani, miwani puani, gauni magotini, wembe mkononi. Mikono yote miwili ya gauni ilikuwa imefumuliwa. Hata vipande vya uzi alikuwa amevikusanya vizuri pembeni, kama enzi zake.

"Wifi, nilikwambia nini?"

"Si ametulia? Nikasema mwache mzee wa watu ajishughulishe. Ni mikono tu hiyo. Kuwa na subira."

"Miaka minne namwogesha, namvisha, namtafuta mitaani. Umekuja mara ngapi? Mara tatu, na zote umekuta chai tayari. Chukua mkoba wako, na subira yako uondoke nayo."

Wifi aliondoka amebetua midomo. Kabla ya jioni ukoo mzima ungejua kwamba kaka yao anateswa, na mke wa Fundi hakujali hata chembe. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na dakika ishirini.

Akamgeukia mumewe. Alitamani kumzaba kibao. Tusifichane, alitamani sana, na kiganja kilishaanza kumwasha. Badala yake akampokonya wembe, akalivuta gauni.

"Binti," Fundi alisema kwa upole, "nani alikufundisha kushona?"

"Wewe," alijibu akisaga meno.

Fundi hakulipokea hilo. "Mkono wa kulia umeuweka kushoto. Akiinua mkono kucheza, kwapa linachanika."

Mkewe akaukamata mkono wa gauni ili amwonyeshe kwamba amechanganyikiwa. Akautandaza mezani, akautazama mkato wa mbele, akautazama wa nyuma. Akaugeuza. Ilikuwa kweli. Mikono ile aliishona jana, akinyanyuka kila dakika kumi kumrudisha huyu huyu kutoka barabarani. Hasira ikamzidi maradufu. Jina la mkeo hulijui, watoto huwajui, choo hukijui, lakini mkono wa gauni unaujua!

"Usilie," Fundi alisema. "Makosa ya mwanafunzi hayo. Msubiri mke wangu, atakuonyesha. Yule hakosei mikono. Mimi mwenyewe hanifikii kasi, lakini kwa mikono amenipita."

Mke wa Fundi alisimama na gauni kifuani. Miaka thelathini na minane walikuwa wamekaa bega kwa bega kwenye vyerehani viwili hivi. Alichowahi kusikia kutoka kwake ni rudia, na fumua, na hapa pamejikunja. Neno hili alikuwa nalo wakati wote, akalikalia, na leo analigawa kwa msichana asiyemjua.

"Umewahi kumwambia?" aliuliza.

Fundi alifikiri. "Nitamwambia akirudi."

Mkewe akavuta kiti, akatunga uzi kwenye sindano. Zilikuwa zimebaki dakika thelathini na mbili.

"Basi nishikie mkono huu," alimwambia mumewe. "Na usiuachie."