Maneno ya Jiweni

Enzi zetu, kule Haneti, hatukuamshwa na simu. Tuliamshwa na jiwe la kusagia. Mama alipiga magoti alfajiri, jiwe dogo mikononi, kubwa chini yake, na uwele ukaanza kulia kwaru, kwaru. Sisi tulijikunja juu ya ngozi ya kulalia tukinusa unga mbichi na moshi wa jana, tukingoja aanze kuimba. Mliokulia huko mnaukumbuka mdundo ule. Ngoma yake ilikuwa mgongo wa mama.

Zile hazikuwa nyimbo za kubembeleza watoto. Mwanamke aliimba yaliyomchoma, na kwa desturi maneno ya jiweni hayakujibiwa. Mume aliyejibu alichekwa mpaka kilabuni. Baba alikuwa seremala mjini, mtaa wa Kizota, akirudi nyumbani kila mwisho wa mwezi. Asubuhi moja mama aliimba kwa Kigogo, nami nayaweka kwa Kiswahili:

Aliondoka na shati chafu,
karudi nalo linanukia.
Sabuni ya mjini ina mikono.

Baba alikunywa uji wake, macho ndani ya bakuli. Jirani yetu, Mama Chiku, akapaza sauti kutoka ng'ambo ya ua wa miiba: "Mwenzangu, unga wa leo una jina la nani?"

"Njoo uonje," mama akamjibu, "utamjua kwa uchungu wake."

Wakacheka wote wawili. Siku hiyo mama alikwenda shamba amechangamka, kama mtu aliyetua mzigo.

Kisha ikaja mashine ya kusaga. Baba akatangaza mbele ya wageni: "Mke wangu, nimeyahurumia magoti yako. Kuanzia kesho nafaka iende mashineni." Kijiji kikamsifu. Sisi watoto tukafurahia ugali laini. Mama alisema ahsante, basi. Kule mashineni injini ilinguruma hata salamu zikawa za kupungiana mikono.

Bila jiwe, mama alinyamaza mavuno mawili. Siku aliposema, alisema uani, amesimama, kwa maneno ya kawaida: "Baba Neema, huyo wa Kizota ni nani?" Neema ni mimi, nilikuwa nachambua mlenda mlangoni. Na kwa kuwa hakuwa jiweni, alijibiwa. Alijibiwa kwa kofi. Tangu hapo hakuimba tena, hata kanisani.

Ndoa yangu ilipovunjika hapa mjini, niliambiwa nizungumze. Nikazungumza, na kila ndugu akawa na jibu. Ndipo nikaanza kuandika beti alfajiri, kwenye meza ya jikoni, watoto wangali wamelala. Siku moja nikajikuta nayumba mbele na nyuma, kalamu mkononi, kama anayesaga. Beti hizo zimenirudishia usingizi. Zimenifundisha kutenganisha hasira na huzuni. Lakini kila ninapopata nafuu nakumbuka kwamba dawa hii ilikuwa ya mama, na alinyang'anywa kwa jina la huruma.

Mwaka jana nilimsomea ubeti mmoja. Akasikiliza, kisha akauliza, "Na nani amekujibu?"

"Hakuna, mama."

"Basi endelea."

Binti yangu, akikosana na mchumba, anaandika kwenye status; kabla chai haijachemka ameshapata pole lukuki, matusi, na mtu anayeuza mafuta ya nywele. Anasema sisi hatukuwa huru. Huenda. Jiwe la mama siku hizi linakandamiza mfuniko wa pipa la maji. Unga tunanunua dukani, mweupe, laini, hauna jina la mtu yeyote.