Kihispania cha Jikoni

Yusta alikuwa fundi cherehani sokoni Kasulu, mjane aliyemtunza mama yake mgonjwa kule Nyakitonto. Mwaka 2014, Leonidasi, mfanyabiashara wa Manyovu mwenye ulimi wa asali, alimwahidi yeye na Winnie, msusi wa kibanda cha jirani, kazi ya upishi Hispania. Pasipoti zao akazishika yeye. Kila alipopita aliwafundisha maneno: nieve ni chumvi, perico ni sukari, hierba ni mboga za majani. Yusta aliyakariri huku akishona.

Siku moja akaja Sista Rosa, mtawa kutoka Meksiko aliyehudumia wakimbizi Makere, kupunguziwa pindo la gauni. Yusta akaona leo ndiyo leo ya kujaribu Kihispania chake. Akamtolea maneno yote kwa mkupuo.

Sista hakucheka. Alisogea karibu, akateremsha sauti. "Nani kakufundisha haya?"

"Bosi wetu, Sista. Ni ya jikoni."

"Nieve ni theluji. Perico ni kasuku. Ila wauza kokeini ndivyo wanavyouita unga wao. Na hierba kwao ni bangi. Mwanangu, huendi kupika. Anataka uelewe unachoagizwa, usijue unachobeba."

Sista akaahidi kurudi na gari jioni kuwatorosha, akaondoka. Hata kabla Yusta hajapata pumzi, pikipiki ikasimama nje, Leonidasi huyo mlangoni, anatabasamu.

"Dada Yusta, safari kesho. Haya, nieve?"

Yusta akijikwaa tu, Leonidasi atajua. "Chumvi," akasema, macho kwenye kitambaa.

"Mbona unatetemeka?"

"Homa, kaka. Malaria hii."

Leonidasi alimtazama usoni. "Meza dawa. Na mama yako nitampitia Nyakitonto, nimsalimie." Akatoka. Yusta alijua hiyo si salamu, ni kitisho.

Alikimbilia kwa Winnie, akamweleza kwa kunong'ona. Winnie akabetua midomo. "Wewe umeogopa kupanda ndege tu."

"Mdogo wangu, tumejifunza wiki ngapi? Maji kwa Kihispania yanaitwaje? Moto je? Kisu? Mpishi gani huyo asiyefundishwa kuomba maji?"

Chanuo likamponyoka Winnie. Akaanza kukusanya vitu vyake.

Jioni walijilaza sakafuni, nyuma ya viti vya mbele vya gari la Sista. Walipitia Nyakitonto kumchukua mama, wakashika njia ya Kibondo. Kila taa iliyowafuata nyuma, Winnie alimbana Yusta mkono mpaka ukauma.

Polisi waliambiwa, lakini Leonidasi hakuonekana tena, wala pasipoti. Huko Kibondo Yusta anashona sare za shule, Winnie anasuka uani kwa masista. Wanaishi. Ila pikipiki ikisimama nje, wote wawili huacha kazi hadi wasikie sauti ya mtu wanayemfahamu.