Santuri Tuliyorekodi Bila Kiongozi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika bendi ya ushirika pale Bukoba mjini, Kiongozi wetu, aliyeianzisha bendi hiyo, alinikabidhi gitaa la ridhimu, lile la kushikilia mwendo wakati solo linatamba. Akaniambia, "Usitazame vidole vyangu. Sikiliza mguu."

Mguu huo ndio uliokuwa amri yetu. Wimbo ulianza taratibu, na alipokanyaga ubao kwa kisigino, sote tuliingia kwenye chemko, sehemu ya kasi ya kuchezea. Tulipiga Kamachumu wakati wa mavuno ya kahawa, tukavuka ziwa hadi kisiwa cha Goziba kuwachezesha wavuvi, na hakuna aliyethubutu kuutangulia mguu. Tulijiona mafundi, kumbe tulikuwa watoto wa kushikwa mkono.

Kiongozi akaugua, akafa. Nilimlilia kama baba yangu. Ushirika ukanipa uongozi, na Katibu, mtu asiye na maneno mengi, akasema, "Mafundi wa redio wanakuja kurekodi santuri yenu. Mkishindwa, vyombo vinarudi stoo."

Upande mmoja wa santuri tulipanga nyimbo za mwisho za Kiongozi, upande wa pili zangu. Enzi hizo mlirekodi wote kwa pamoja. Mmoja akikosea, mnaanza upya. Zangu zilipita, maana nilizitunga bila chemko, kwa woga. Zake zikatushinda. Tulipofika pa kuingia chemko tulizunguka palepale, kila mtu akingoja mguu uliokuwa umezikwa Buhembe. Nilikanyaga mimi, kwa wasiwasi, hakuna aliyenifuata. Fundi akatazama saa. "Mara ya mwisho, jamani."

Ma Justina, mjane wa Kiongozi, alikuwa ameketi kando na kikapu cha akamwani, kahawa ya kutafuna tunayowapa wageni. Mazoezi yetu yote yalifanyika sebuleni kwake. Akasimama, akatubembeleza kwa neno la Kihaya. "Waitu wanangu, pigeni tu."

Tukapiga. Tulipofika pale, akakanyaga ubao. Tumba likaitikia, sote tukaingia, machozi yakinidondokea kwenye nyuzi.

Fundi alitaka turudie, eti kuna kishindo kimeingia. Nikamwambia, "Kiache." Hiyo ndiyo amri yangu ya kwanza kama kiongozi.

Sasa nimestaafu, niko kwangu Muleba, vidole vimekakamaa. Wajukuu wakiiweka santuri ile, mguu wangu huinuka wenyewe, ukabaki hewani. Sikanyagi. Namngoja Ma Justina.